Paka Mapozi Aomba Urafiki

Mwalimu wa jiografia alikabidhiwa somo la usalama wa mtandao kwa sababu moja tu: siku projekta mpya ya shule ilipogoma mbele ya wageni, yeye ndiye aliyeinuka akakiondoa kifuniko kilichokuwa kimeziba kioo chake. Picha ikatokea ukutani, wageni wakapiga makofi, na tangu hapo mwalimu mkuu akawa anamtambulisha kwa kila mtu kama mtaalamu wetu wa teknolojia. Mwenyewe alijaribu kukana. Kadiri alivyokana ndivyo alivyosifiwa kuwa hana makuu.

Wanafunzi walimwita Bi Chaji. Kila alipoingia darasani, hata kabla ya salamu, aliuliza kama vishikwambi vina chaji, tena kwa uso wa mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Mambo mengine ya vyombo hivyo yalimpiga chenga, lakini chaji aliielewa: ama ipo, ama haipo. Kwa mengine yote alijiwekea kanuni moja. Simu ikimwuliza swali, yeye hujibu ndiyo. Kukataa aliona kama utovu wa adabu, na kusoma maandishi yote yale madogo aliona ni kazi ya wanasheria.

Simu yenyewe iliwika. Ndiyo, kama jogoo. Alikuwa amechagua mlio huo kwa sababu milio mingine yote ilifanana na ya walimu wenzake, akawa anakurupuka kwenye kiti kila simu ya mtu ilipolia. Sasa ujumbe wake ukiingia, jogoo aliwika ndani ya mkoba, na ofisi nzima ya walimu ikajua kwamba Bi Chaji ametafutwa.

Nyumbani alikuwa na mtoto wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye macho ya kupima watu. Baba yake alimbandika jina la Sindano tangu utotoni, kwa ule wembamba na kwa ulimi. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mchanga, na baba huyo alikuwa akiendesha mitambo ya kujenga barabara, leo yuko kambi hii, kesho ile, maisha ambayo hayamfai mtoto wa shule. Ndiyo maana mwaka uliopita akamleta kwa dada yake, na begi moja, na maagizo mafupi: huyu anaongea sana, uwe tayari.

Bi Chaji alikuwa tayari. Aliyechelewa kuongea ni mtoto. Tangu afike, ule ulimi uliosifiwa ulikuwa kama umebaki kambini. Shangazi mtu hakuwahi kulea, na kwa wanafunzi alizoea kusema huku wao wakiandika, kwa hiyo mezani mazungumzo yao yalikuwa yale yale. Umekula? Nimekula. Umeshiba? Nimeshiba. Basi kila mmoja anachukua sahani yake kwenda kuosha. Ukiwasikia ungedhani ni mapokezi ya hoteli.

Na sasa kaka yake alikuwa amepiga simu. Amepata kazi ya ghala, ya kukaa mahali pamoja, na juu yake kapewa nyumba. Angependa mtoto aende kwake muhula ukiisha, ila hataki kumlazimisha; mtoto mwenyewe keshaambiwa, na amesema atafikiri. "Kaa naye muongee," alimwambia dada yake. "Usikie anataka nini."

Bi Chaji aliahidi, kisha akajifanya hamnazo. Si kwamba hakujali. Alikuwa amemzoea mtoto huyo kuliko alivyotarajia: viatu vyake mlangoni, vitabu vyake juu ya friji, ile tabia yake ya kusimama jikoni bila kusema kitu. Alitaka abaki. Lakini angeuliza, mtoto angejibu, na vipi kama jibu lenyewe ni kwamba anahesabu siku za kuondoka? Bora lisiulizwe. Mtu mzima, mwalimu wa miaka mingi, anazunguka jikoni akiogopa jibu la msichana wa darasa lake mwenyewe.

Maana Sindano alikuwa darasani kwake pia, dawati la nyuma karibu na dirisha.

Balaa la shule lilianza kwa habari kutoka shule ya jirani. Msichana wa huko alikuwa amechati kwa wiki nzima na mtu aliyejiita mwanafunzi mwenzake, akamtumia picha, na ikaja kugundulika kwamba mwenzake huyo ni mwanamume mzima na ndevu zake. Wazazi wakaja juu. Vishikwambi ambavyo watoto walikuwa wakienda navyo nyumbani kufanyia kazi vikaonekana ghafla kama nyoka kwenye mabegi. Aliyepaza sauti kuliko wote ni msusi mmoja, mama wa mwanafunzi, mwenye saluni barabarani. Alitaka vyote virudishwe stoo, vifungiwe, na ufunguo utupwe.

Mwalimu mkuu, mtu wa tai ndefu na hotuba ndefu zaidi, akawatuliza kwa kuwaahidi somo la wazi. Wazazi wangekuja wakae darasani, wajionee watoto wanavyofundishwa kujilinda. Wakiridhika, vishikwambi vinabaki. Wasiporidhika, stoo. Kisha akamgeukia mtaalamu wetu wa teknolojia na kumtakia kila la heri.

Bi Chaji akapiga moyo konde. Alijua kuhutubia peke yake hakutoshi. Watoto wale walikuwa wameshaonywa mpaka masikio yameota sugu. Alitaka kuwaonyesha. Akamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kufungua akaunti ya mtu asiyekuwepo, aliombe darasa zima urafiki, halafu siku ya somo awaeleze, bila kumtaja mtu, jinsi walivyonaswa kirahisi. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali huku akitafuta miwani yake, na ni wazi hakusikia hata nusu.

Jina la mtu huyo lilimsumbua jioni nzima. Alitaka la kijana, la kisasa. Mwisho akaandika Paka Mapozi, akajiona yumo. Alimpiga picha paka wa jirani, aliyekuwa na kawaida ya kuja kukaa kwenye dirisha la jikoni na kuwaangalia wanaopika kana kwamba wamechelewa. Paka alitokea vizuri. Nyuma yake lilitokea pia pazia la maua ya njano, lile alilolishona mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Bi Chaji hakuliona. Mtu haoni pazia lake.

Simu ikaanza maswali. Iruhusiwe kutumia picha? Ndiyo. Iruhusiwe kujua ulipo? Ndiyo. Iruhusiwe kuwatafuta unaowafahamu? Ndiyo, ndiyo, kwa nini isiruhusiwe, kwani wanafunzi si anawafahamu? Akatuma maombi kwa darasa zima, akaenda kukoroga mboga.

Siku iliyofuata alitafuta majina ya wanafunzi mojamoja, hakuna aliyekubali. Wala iliyofuata. Wanafunzi ambao asubuhi walisahau madaftari, na mchana wakasahau kwamba asubuhi walisahau, wote walikuwa wamemkwepa Paka Mapozi kama wamefundishwa jeshini. Bi Chaji alifurahi na kusikitika kwa pamoja, kwa sababu somo lake lilihitaji walau mzembe mmoja. Jogoo aliwika sana wiki ile, lakini alijua ni kundi la kwaya anakoimba, hakuangalia.

Akampata mzembe wake jioni, jikoni, wakati anamenya vitunguu. Ombi lilikuwa limekubaliwa na Sindano.

Kisu kilimponyoka. Katika darasa zima, aliyenasa ni mtoto wa nyumbani kwake. Mwalimu wa usalama wa mtandao, na tundu liko kwenye ukuta wake mwenyewe. Bado ameduwaa, jogoo akawika mkononi mwake. Sindano, aliyekuwa chumbani kwake, ng'ambo ya ukuta, alikuwa ameandika: "Mambo, Paka."

Bi Chaji alijiambia atajibu mara moja tu, kupima mtoto anaweza kwenda mbali kiasi gani. Ni utafiti, alijiambia. Akaandika kwamba mambo safi, akauliza anafanya nini. Sindano akasema anawaza. Paka Mapozi akamwuliza anawaza nini.

Basi yule mtoto wa nimekula na nimeshiba akafunguka. Aliandika kwamba anakaa kwa shangazi yake, ambaye si mbaya, ila huimba asubuhi wimbo mmoja na mstari wa pili haujui, kwa hiyo huurudia wa kwanza mpaka mtu anataka kulia. Aliandika kwamba viatu vyake vya shule vinambana vidole, hajasema kwa sababu vilinunuliwa juzi juzi. Aliandika kwamba anapenda mayai ya kukaanga, lakini nyumbani huwa ya kuchemsha. Hakutaja jina la shule wala mtaa, na alipoulizwa anasoma wapi akajibu kwamba hilo haliwezi kumsaidia paka. Shangazi mtu alisoma huku kitunguu kikimtoa machozi, na si kitunguu peke yake.

Asubuhi hakuimba. Kwenye meza palikuwa na mayai ya kukaanga. Jioni akampitisha mtoto dukani, kwa kisingizio kwamba amesikia viatu vya aina ile vinapasuka haraka, wakanunua vikubwa zaidi. Sindano alivijaribu, akatembea hatua chache, akamtazama shangazi yake kwa yale macho ya kupima. Akasema asante.

Utafiti ukaendelea. Kila jioni mmoja jikoni, mwingine chumbani, jogoo akiwika katikati yao. Bi Chaji alijifunza kwamba mtoto anaogopa radi, kwamba anamkumbuka baba yake hasa siku za Jumapili, kwamba hesabu hazimtishi ila mwalimu wake anatisha. Alijua anafanya kosa. Alikuwa akifanya jambo lile lile ambalo angesimama kulikemea mbele ya wazazi, kujificha nyuma ya picha na kumchimba mtoto. Kila siku aliazimia kuacha, na kila jioni vitunguu vilihitaji kumenywa.

Siku mbili kabla ya somo, ujumbe ukaja mrefu kuliko kawaida. "Baba anataka nihamie kwake. Shangazi anajua lakini hajaniambia kitu. Hajasema nibaki wala niende. Unadhani amenichoka?"

Bi Chaji akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Alitaka kupiga kelele kupitia ukutani kwamba hapana, hapana kabisa. Lakini aliyeulizwa ni Paka Mapozi, na Paka Mapozi hakuwa na haki ya kujibu. Angesema nini, paka wa jirani? Alifuta aliyoandika, akaandika mengine, akafuta tena. Mwisho akatuma maneno mawili ya kukimbia: "Muulize mwenyewe."

Jogoo akawika baada ya muda. "Naogopa jibu."

Akabaki na simu mkononi. Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia, mtoto amejigeuza. Bi Chaji hakuandika kitu, na wala hakuinuka. Mezani jioni ile alimwuliza kama ameshiba.

Siku ya somo wazazi walijaa. Walikaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yamekaribia videvu, na wanafunzi wakasimama kando ya kuta wakiwacheka kwa adabu. Msusi alikaa mbele, mikono ameifunga kifuani. Mwalimu mkuu alifungua kwa maneno machache, na yalipofika nusu saa akampisha mwenye somo.

Bi Chaji aliuliza kuhusu chaji. Kisha, lazima tumpe haki yake, alifundisha vizuri. Hakutisha watu. Alieleza kwamba neno la siri ni kama mswaki, hupeani hata na rafiki wa damu. Alieleza kwamba picha ikishatumwa haina kamba ya kuivutia nyuma. Na mtu akikuomba urafiki, alisema, usimwamini kwa jina wala kwa picha. Mtafute kwa njia nyingine, umsikie sauti au umwone kwa macho yako, ndipo umkubali. Na ukiona jambo la mashaka usilikalie peke yako, mwambie mtu. Wazazi wawili watatu walianza kuandika.

Kisha akafungua ukurasa wa Paka Mapozi ukutani, akaeleza habari zake, akatangaza kwamba darasa limefaulu. Hakusema limefaulu lote. Alisema limefaulu, akanywa maji.

"Tuonyeshe," alisema msusi. "Maneno tu hata mimi ninayo."

Bi Chaji akaanza kujikanyaga. Alisema si vizuri kuweka majina ya watoto hadharani, kwamba alikuwa ameahidi, kwamba kompyuta inahitaji kupumzika. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshaona sifa za shule zikimsubiri. Akaenda mwenyewe kwenye kompyuta, akabofya palipoandikwa marafiki, na ukurasa ukajaa ukutani.

Wa kwanza alikuwa yeye, mwalimu mkuu, na tai yake.

Wa pili alikuwa msusi, amepigwa picha mbele ya saluni, na chini ameacha namba ya simu na saa za kazi. Halafu mwenye bucha, aliyekuwa amemwandikia Paka Mapozi kwamba mifupa ipo. Halafu nusu ya kwaya. Ile ruhusa ya kuwatafuta anaowafahamu ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu. Iliingia kwenye simu ya Bi Chaji ikawaomba urafiki watu wote, na watu wazima walikuwa wamekubali bila hata kutazama. Katikati yao alikuwepo Bi Chaji mwenyewe. Akaunti yake halisi ilikuwa imeombwa urafiki na akaunti yake ya uongo, simu ikamwuliza, naye, kwa adabu zake, akajibu ndiyo.

Darasa lililipuka. Mzazi mmoja aliyekaa nyuma alicheka mpaka kiti cha mtoto kikamwangusha. Mwalimu mkuu alisema kwamba yeye hukubali watu wote kwa kuwa ni kiongozi. Msusi alikunjua mikono, akaikunja upya.

Kicheko kilikatika pale mwalimu mkuu alipofika mwisho wa ukurasa. Chini kabisa, peke yake, alikuwepo mwanafunzi mmoja.

"Kumbe yupo aliyenaswa," alisema mwalimu mkuu, kama aliyepata kamba ya kujiokolea. Watu wote wakageuka kumtazama Sindano karibu na dirisha.

Huko ndiko Bi Chaji alikokuwa akiogopa kufika, mtoto wa watu kuaibishwa mbele ya kadamnasi, na aliyemweka hapo ni yeye. Akasimama mbele ya projekta bila kufikiri, uso wa paka ukamwangukia tumboni. Akasema mtoto huyu hana kosa. Mwenye kosa ni yeye. Alipaswa kuacha siku ile ile ombi lilipokubaliwa, lakini alikuwa ameendelea kuongea na mtoto kwa siku nyingi akijificha, na hilo halikuwa somo tena, lilikuwa ni ujanja. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Sikunaswa," alisema Sindano.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayerekebisha tarehe ubaoni. Akachukua kishikwambi chake, akabofya mara moja. Juu ya meza ya mwalimu, ndani ya mkoba, jogoo akawika.

"Nyumbani ukuta ni mwembamba," alieleza watu. "Nikituma, jikoni kunawika. Na hilo pazia kwenye picha ni letu. Mimi mwenyewe nililishikilia wakati shangazi analipima, nikamwambia limepinda, akasema halijapinda."

Wazazi wote wakalitazama pazia ukutani. Lilikuwa limepinda.

Sindano akaendelea, na huo ulimi aliousifia baba yake ukaonekana kwamba haukubaki kambini. Alisema ule usiku wa kwanza tu, alipoona ombi, aliwaandikia wenzake kwenye kundi la darasa kwamba wasikubali, huyo ni Bi Chaji. Baadaye, ili awe na uhakika, alijaribu. Alitaja mayai, kesho yake yakaja mayai. Akataja viatu, akapelekwa dukani. Kuhusu wimbo, aliutaja kwa ajili ya amani ya nyumba. Sasa hata walimu walikuwa wameficha nyuso.

Msusi hakukubali kushindwa hivi hivi. "Kumbe hawa hawakuwa waangalifu," alisema. "Waliambiwa tu."

"Tuliambiana," alisema Sindano. "Mwalimu amesema ukiona jambo la mashaka mwambie mtu. Wewe, mama, ulimwambia nani?"

Msusi, na hili ni la kumsifu, akacheka, akasema kwamba kweli yeye hakumwambia mtu, alidhani ni mteja. Hapo hoja ya stoo ikafa kifo cha kawaida. Waliafikiana kwamba vishikwambi vibaki, ila somo la wiki ijayo liwe la wazazi, na mwalimu mkuu akae dawati la mbele.

Bi Chaji alikuwa bado amesimama na paka tumboni. Akauliza swali moja, taratibu, kana kwamba chumba hakina watu. Kama alijua, kwa nini alikubali?

Sindano alitazama viatu vyake vipya. "Nyumbani unaniuliza kama nimekula," alisema. "Paka aliniuliza ninawaza nini."

Walirudi nyumbani bila kuongea njia nzima. Bi Chaji alikuwa ameelewa sasa. Lile swali la siku ile hakuulizwa paka wa jirani. Aliulizwa yeye, ana kwa ana kadiri mtoto alivyoweza, na yeye akajibu muulize mwenyewe, akaketi juu ya ndoo. Aibu ya darasani ilikuwa mchezo ukilinganisha na hiyo.

Sindano aliingia chumbani kwake, akarudisha mlango. Bi Chaji alikwenda jikoni, akaifungua akaunti ya Paka Mapozi kwa ajili ya kuifuta. Simu ikamwuliza kama ana hakika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisoma maandishi yote, mpaka yale madogo, na alipofika mwisho akajibu ndiyo kwa makusudi. Paka akatoweka. Aliyebaki dirishani ni yule wa kweli, akisubiri chakula.

Kisha kwa akaunti yake mwenyewe, yenye jina lake na picha yake amevaa sare ya kwaya, akatuma ombi la urafiki. Akasubiri.

"Shangazi," sauti ilitoka chumbani.

"Naam."

"Kuna mtu ameniomba urafiki. Ana picha yako na jina lako."

"Ni mimi."

"Mwalimu wetu amesema nisiamini jina wala picha. Amesema nimwone kwa macho."

Bi Chaji aliiacha simu juu ya meza. Kutoka jikoni hadi chumba kile ni hatua chache tu, na alikuwa ameshindwa kuzitembea mwaka mzima. Akasimama mbele ya mlango uliorudishwa, akaugonga.

"Nani?"

"Shangazi yako."

"Unataka nini?"

"Nataka ubaki," alisema. Alisikia sauti yake ikivunjika, akaiacha ivunjike. "Sijakuchoka. Niliogopa kukuuliza nisije nikasikia unataka kuondoka. Baba yako ana haki na wewe, na ukienda nitakusindikiza mimi mwenyewe. Lakini umeniuliza, na hilo ndilo jibu langu."

Kitanda kililia. Mlango ukafunguliwa, Sindano amesimama na kishikwambi kifuani, macho mekundu, akimpima shangazi yake juu hadi chini kama anayelinganisha mtu na kitambulisho chake. Alipojiridhisha akabofya, na huko jikoni, juu ya meza, jogoo akawika.

"Na wewe," aliuliza, "umekula?"

Bi Chaji akakumbuka kwamba tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Akasema hajala. Wakaenda jikoni pamoja kukaanga mayai.